Simu Isiyoamkia

Kwa miaka kumi na saba, gari jeupe la halmashauri lenye vipaza sauti viwili juu ya paa lilikuwa likizunguka mitaani, na ndani yake alikaa mwanamke ambaye jina lake la cheti walilijua watu wa mishahara tu. Wengine wote walimwita Bi Kipaza. Maji yakikatika, yeye ndiye aliyesema. Chanjo zikija, yeye. Mbuzi wa mtu akipotea, yeye tena, ingawa hilo halikuwemo katika majukumu yake na alilisema harakaharaka, dereva akijifanya hasikii.

Alikuwa na sharti moja: hatangazi kitu kabla ya kusalimia. "Shikamooni wazee wangu! Wengine hamjambo?" Kisha alinyamaza kidogo, gari likitambaa, akisubiri kuitikiwa. Na kweli aliitikiwa, kutoka madirishani na milangoni mwa saluni.

Ndipo akaja mkurugenzi mpya wa idara ya maji, na simu inayojibu yenyewe. Mkurugenzi huyu alipenda takwimu kuliko chai. Gari likaegeshwa nyuma ya ofisi, na Bi Kipaza akaingizwa kwenye chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili mwangwi usiingie. Akapewa karatasi asome. Akaanza na salamu yake, mkurugenzi akamkatiza.

"Salamu inakula sekunde sita, mama. Zidisha kwa wapigaji wote wa mwaka, uone."

Bi Kipaza hakuzidisha. Alisoma kama ilivyoandikwa: umepiga simu idara ya maji, bonyeza moja, bonyeza mbili, chaguo hilo halipo, asante kwa kupiga. Jioni akarudi nyumbani akijiona wa kisasa.

Wiki ya pili mumewe akamkalisha sebuleni, uso umemshuka.

"Mama amenuna. Anasema umemkatia simu."

"Mimi? Lini?"

"Anasema ulikuwa mkavu, hata shikamoo hukumpa."

Bi Kipaza alitoka mbio na ndala zisizofanana. Huyo mama mkwe ndiye aliyemlelea watoto wake wote watatu wakati yeye akizunguka na gari, na alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia. Alimkuta kibarazani, buti za mpira miguuni. Bomba la mbele ya lango lilikuwa limepasuka, na maji yalikuwa yamejikaribisha mpaka jikoni.

"Shikamoo mama."

Kimya. Kwa mtu aliyezoea kuitikiwa na mtaa mzima, kimya kile kilimchoma moyo.

"Nimepiga kuripoti bomba," mama akasema hatimaye, macho ukutani. "Nasikia sauti yako, nikafurahi, nikasema afadhali ni mwanangu. Nakueleza maji yamefika jikoni, unaniambia chaguo hilo halipo. Nakwambia ni mimi, mama yako! Unanijibu asante kwa kupiga. Umekata."

"Mama, ile ni mashine."

"Sauti ni ya nani?"

"Yangu."

"Na adabu yako umeiacha wapi?"

"Mkurugenzi ndiye aliyeikata, mama."

"Basi huyo hakulelewa." Akavuta mlango. Kwa mkwewe haendi, akasema, wala salamu yake haitikii, mpaka ile namba imwamkie kwanza.

Bi Kipaza alimwomba mkurugenzi mara mbili. Mara ya kwanza alionyeshwa grafu. Mara ya pili alionyeshwa grafu ile ile, safari hii ya rangi: simu zilizojibiwa, asilimia mia. Bomba bado lilikuwa likimwaga.

Bahati ikajileta yenyewe. Saa za kazi zilibadilishwa, ikabidi arekodi upya. Fundi wa mitambo, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akamtazama anavyoikunja karatasi ya mkurugenzi mara nne na kuikalia.

"Fundi, mama yako ameshapiga hii namba?"

"Ameshapiga." Fundi akashusha pumzi. "Siku hizi haongei na mimi." Akawasha mtambo, akavua vifaa vya masikioni, akageukia ukuta wa trei. "Mimi sijasikia kitu."

Jumatatu asubuhi kila aliyepiga alisikia: "Shikamoo mzazi wangu. Na kama ni mdogo wangu, hujambo? Bomba limepasuka, bonyeza moja. Bili haieleweki, bonyeza mbili. Umebonyeza na hujasaidiwa, usichoke: mkurugenzi mwenyewe yuko ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani. Piga hodi kwa nguvu, huwa amezama kwenye grafu."

Kufika saa nne foleni ilikuwa imeshuka ngazi, imetoka nje na kupinda kona. Mkurugenzi akamwita Bi Kipaza, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nani kakuruhusu?"

"Wewe, mheshimiwa. Siku ya uzinduzi ulisema wananchi waisogelee ofisi."

Hodi ikapigwa kwa nguvu. Akaingia mama mkwe na buti zake, matope yakibaki kwenye zulia. Mkurugenzi alijikuta amesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama akamkagua juu mpaka chini, kisha akamgeukia mkwewe. "Kumbe amelelewa! Sasa alikuwa anaficha nini?"

Mafundi walifika kwake kabla ya adhuhuri, kwa sababu mkurugenzi alitaka mlango wake uache kugongwa. Bi Kipaza alipata barua ya onyo, na maelekezo ya mlango wa kijani yakafutwa. Salamu ikaachwa kwa majaribio. Jioni ile mama alikwenda kwa mkwewe, akaamkiwa, akaitikia, akauliza kama kuna chai.

Na mpaka leo, kila asubuhi Bi Kipaza akishatoka kwenda kazini, mama hupiga ile namba. Bomba lake ni zima, bili yake inaeleweka. Husikiliza "Shikamoo mzazi wangu", akajibu "Marahaba, mwanangu, kazi njema", akakata kabla hajaambiwa abonyeze. Katika ripoti ya mwezi simu hizo huhesabiwa peke yake, wateja walioridhika bila kubonyeza chochote, na mkurugenzi huusoma mstari huo kikaoni mara mbili.