Spika ya Mlango wa Kushoto

Sikio la kulia la mchumba wangu liliziba moja kwa moja siku bomu lilipoanguka karibu na ua wao, Burundi. Siku hiyohiyo alipotezana na mama yake, akavuka mpaka na majirani. Nilipomfahamu aliishi upande wetu wa mpaka, mtaa wa Buzebazeba, kwa shangazi yake aliyeolewa na Muha, akishona nguo sokoni Mwanga. Mimi nilikuwa na teksi kuukuu, nikipeleka abiria kijiji cha Simbo. Tulikubaliana kuoana baada ya mavuno.

Siku niliyopata redio ya gari, tulikwenda pamoja kuchagua spika. Fundi alizipanga mezani: kubwa za besi, vitwita vidogo vya sauti kali, na amplifaya iliyokwisha kutumika.

"Kaka, chukua hizi za rangi. Vijana wote wanazitaka."

Akaweka kaseti ya kwaya. Mwenzangu akainama, sikio la kushoto mbele, akazikataa.

"Zinapiga kelele tu, haziimbi."

Vitwita hakuvisikia kabisa. Mwisho akaweka kiganja juu ya spika moja nyeusi, ya zamani, akafumba macho.

"Ego," akasema kwa Kirundi. "Ndiyo hii. Nawasikia wanaume wa mstari wa nyuma."

Nikamwambia fundi aifunge mlango wa kushoto, upande wa abiria. Nikiendesha, sikio lake bovu ndilo lililokuwa kwangu. Nikiwa na neno la maana nilisimamisha gari, nikazunguka, nikamwambia dirishani. Watu wa Simbo walitucheka sana.

Wiki tatu baadaye tukapata habari kwamba mama yake yu hai, yuko kambi ya wakimbizi. Tulimfuata siku hiyohiyo. Walikumbatiana, wakakaa chini bila kuachiana. Nami nililia kwa furaha.

Lakini yule mama hakutaka kubaki. Wanawe wengine wanne walizikwa kule kwao. Ilipotangazwa kwamba wanaotaka kurudi wajiandikishe, alikuwa wa kwanza.

Nilimpigia magoti. "Mama, kaeni. Nitawajengea."

"Wewe ni mtu mwema, mwanangu. Ila makaburi yangu siwezi kuyahamisha."

Tulipotoka nje, mwenzangu akasema, "Ningekuwa na ndugu hata mmoja, ningebaki."

"Basi nije nawe."

"Na mama yako je? Nani atamgeuza kitandani?"

Mama yangu alikuwa mwaka wa pili hainuki.

Niliwapeleka mpaka kwenye malori. Yeye alikaa nyuma na mama yake, na redio hatukuiwasha. Aliponiaga alinishika mkono kwa mikono yote miwili, kama mtu anavyomuaga mkwewe.

Mwaka uliofuata, muuza vitenge mmoja aliyetoka Burundi alinikuta kituoni. Akaniambia yule mwenzangu ameolewa, ana mtoto wa kike.

"Mwambie nimefurahi," nikasema.

Nikaingia garini, nikafunga vioo, nikalia. Abiria wangu walikuwa wamesimama nje na mizigo yao. Hakuna aliyenigongea.