Kozi ya ukocha wa kunyanyua vyuma, na mtani aliyeondoka na cheti changu

Wakuu, habari za humu. Shikamoo zenu nazipokea zote kwa mkupuo, marahaba.

Kuna kijana kauliza kozi ya ukocha wa powerlifting ikoje. Mimi yangu niliisomea Bagamoyo, miaka ya sabini mwanzoni. Chumvi siongezi, yenyewe ilishakolea.

Kwanza, usitegemee kushika chuma mapema.

Sisi tulishikishwa mipini ya fagio. Mkufunzi alikuwa Mbulgaria, Kiswahili kajifunzia kitabuni, mtu asiyecheka. Squat ya kuchuchumaa na chuma mabegani, kwa mpini; bench press ya kulala kwenye benchi, kwa mpini; deadlift ya kuinua kutoka chini, kwa mpini. Akina mama wakipita wanatuuliza leo tunafagia wapi.

Halafu kuna mifupa na misuli. Utaisoma mpaka ukiona pweza sokoni unajiuliza goti lake liko wapi.

Mtihani sasa. Kila mmoja alete mtu asiyewahi kunyanyua vyuma, amfundishe, kisha siku ya siku amwamrishe mbele ya mkufunzi. Mtu wako asipotii, umefeli.

Na mimi sikuwa na nafasi ya kufeli. Mjomba aliniruhusu kuacha duka lake kwa sharti moja: nikikosa cheti narudi kupima unga, na habari za vyuma nisimtajie tena.

Nikamchagua Mihayo, mpakia magunia kwenye ghala la korosho, mgongo mpana kama mlango. Niliangalia mgongo tu. Sikujali kwamba yeye Mnyamwezi na mimi Mzaramo, yaani watani.

Kwa wasiojua, mtani ana ruhusa, hata msibani, ya kukusema, kukugomea, hata kukunyang'anya kitu chako. Ukikasirika, aibu ni yako.

Mazoezini alitii vizuri sana. Kumbe jamaa ananiwekea akiba.

Siku ya mtihani watu wamejaa. Chuma kiko mabegani mwa Mihayo, nikasema, "Chini."

Akabaki wima. "Mtani, toka lini Mzaramo akaamrisha watu? Nyinyi kazi yenu ngoma na kula nazi. Niombe kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Mkufunzi akashika kalamu. Nikaliona duka la mjomba hili hapa, na mizani yake. Niliogopa kweli.

"Basi usishuke, mtani," nikamwambia. "Babu zako walitoka Tabora mpaka hapa kwa miguu, pembe za ndovu begani. Mjukuu kachoka kwa kusimama. Jamani, mleteeni kiti."

Mihayo akashuka mpaka chini, akapanda kama hana kitu.

"Umeona?"

"Sijaona," nikamjibu. "Twende kwenye benchi."

Tukamaliza mitihani yote kwa namna hiyo.

Mkufunzi hakujua utani ni nini. Alidhani nina mbinu yangu ya kumtia moyo mnyanyuaji, akanisifu mbele ya wote. Mwenzangu mmoja akaiga, akamsema babu wa mtu ambaye si mtani wake. Alikimbizwa mpaka soko la samaki.

Cheti sikukaa nacho hata kidogo. Mihayo akakichomoa mkononi mwangu. "Hiki changu. Kikomboe kwa jogoo."

Nikampelekea jogoo. Akamla, akasema yule alikuwa wa kukitazama tu. Kisha akarudi kwao Tabora nacho.

Mjomba alipouliza, nikasema kachukua mtani. Mjomba naye Mzaramo, angesema nini? Na mji mzima ulishaona nimefaulu. Ukocha nikaupata.

Miaka yote iliyofuata nikidai cheti, jibu ni lile lile: jogoo.

Juzijuzi hapa Mihayo akafariki. Nikapanda basi mpaka Tabora. Maiti inataka kutolewa, nikajilaza mlangoni, nikasema hatoki mtu mpaka nipewe cheti changu. Wafiwa wakacheka huku wanalia. Mimi nililia zaidi yao.

Mjane wake akakileta, kimetiwa fremu, hakina vumbi.

"Aliacha neno, shemeji," akasema. "Usipewe bila jogoo."

Nikafungua kikapu changu. Nilikuwa nimekuja naye.

Kwa hiyo kijana, soma mifupa, jifunze amri, lakini mjue kwanza mtu unayemtwisha chuma.

Waliopitia kozi za siku hizi, leteni yenu. Na Wanyamwezi mliomo humu, semeni mtakavyo, cheti nimeshakificha.