Mama Alipotaka Mume

Mama alikuwa amepita miaka sitini aliponiambia kwamba anataka kuolewa. Tulikuwa jikoni kwangu hapa Embu, tukichambua maharagwe. Alizoea kutoka Meru kuja kliniki ya presha huku ili apate kukaa nami siku mbili tatu, na kwenye foleni ya kliniki ndiko alikokutana na mzee mmoja wa Kiambere, mfugaji wa mbuzi aliyefiwa na mke. Baba yetu naye alikuwa amefariki kitambo.

"Ni mtu mwema," akasema. "Ananitamani, nami namtamani."

Niliinamia maharagwe. Mimi ni mwalimu. Watoto wa shule nawafundisha mabadiliko ya mwili bila kusita, lakini neno hilo kutoka kinywani mwa mama yangu lilinichoma masikio.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, aliitisha kikao nyumbani Meru. Mdogo, anayeuza vipuri Makutano, alifunga duka akaja. Mkubwa alianza kwa upole.

"Mama, kama ni upweke, tutakutafutia msichana wa kukaa nawe."

"Huyo msichana ndiye atakayenikumbatia?"

Kaka mdogo alipaliwa na chai. Mkubwa akakunja uso. "Mama, mambo hayo kwa umri wako ni aibu."

Mama akaweka kikombe chini.

"Aibu hiyo imeanza lini? Mama yangu alipokaribia kuolewa, nyanya yake alimketisha akamweleza yote ya mume na mke. Wanawake waliyaimba harusini. Sisemi ya zamani yote yalikuwa mema. Wasichana walikeketwa, na mwanamume ndiye aliyeamua kila kitu. Lakini walizungumza. Kisha mama akaokoka, akafundishwa kwamba mazungumzo hayo ni uchafu, na mimi hakuniambia hata neno. Niliolewa sijui lolote. Baba yenu pia hakujua. Tuliwazaa nyinyi watatu huku tukioneana haya. Tulikuja kuzoeana nywele zikiwa zimeanza mvi, tukafurahi miaka michache, akafa. Leo nyinyi mna simu zinazowaonyesha kila kitu, halafu mchafu ni mimi?"

Kaka mkubwa alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Mdogo alibaki amejiinamia, kisha akasema polepole, "Mama, huyo mzee nataka kumwona." Mimi nikasema nitampeleka mama popote atakapo.

Kabla ya kukubali posa, mama alidai wapimwe kwanza. Nilienda kliniki nao, yeye na mzee. Muuguzi, msichana wa rika la binti yangu, aliwatolea kifaa cha presha.

"Si presha, mwanangu," mama akamwambia. "Tumekuja kupimwa virusi vya ukimwi."

Msichana akanitazama mimi, kana kwamba anataka nimtafsirie, kisha akamgeukia mama kama anayemwambia nyanya yake. "Shosho, mna hakika?"

"Sisi ni wachumba," mzee akasema, akavua koti na kukunja mkono wa shati.

Wote wawili hawakuwa na virusi. Walifungishwa ndoa na kasisi mmoja wa Kiambere, kwa sababu kanisa la nyumbani kwetu lilikataa. Kanisa letu lilimwondoa mama kwenye uongozi wa kikundi cha akina mama. Alirudisha kitambaa cha kikundi kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi, na Jumapili iliyofuata akaketi benchi la mbele kama kawaida. Kaka mkubwa hakuhudhuria harusi. Mama humpigia simu kila wiki hata hivyo, na siku hizi anapokea, ingawa haulizi habari za mzee.

Mwaka huu niliwatembelea Kiambere, kwa mzee, alikohamia mama. Binti yangu, aliye chuo kikuu, alikuja nami. Alimuuliza bibi yake mambo ambayo hajawahi kuniuliza mimi, nami sikuondoka kwenye kiti. Bibi alimjibu yote huku akikama mbuzi.

Tuliporudi Embu nilimwomba mume wangu azime televisheni. Tumeoana miaka mingi, na kulikuwa na jambo la chumbani ambalo sikuwa nimewahi kumwambia. Nilikwama katikati ya sentensi, nikaanza upya, nikaimaliza. Alisogea karibu nami, akaniambia la kwake.