Aliniambia redio imeila kanda ya kaka yangu

Jina langu lifichwe tafadhali, maana huku Kituntu siku hizi habari inafika kabla hujafunga mdomo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, mjane, nina binti mmoja anayeolewa mwezi ujao. Majina ya wengine nimeyabadili. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtu asije hapa na "mama tulia." Sitaki kutulia.

Miaka ya themanini mwishoni kaka yangu Festo na wenzake walikuwa na bendi, Viroboto Jazz. Chekeni tu, nimeshazoea. Gitaa la debe lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, jembe la kugonga, na mzee mmoja wa kupiga enanga, ile ala yetu ya nyuzi, waliyemshawishi kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nyimbo zao zilikuwa za mizaha mitupu: mbuzi beberu aliyekwenda kuungama kwa padri, mkwe aliyekalia sahani ya senene, wale panzi wa kukaanga. Wakati huo kila mtu alitaka bendi za Dar na za Zaire. Mimi nilikuwa nabeba redio kaseti ya marehemu baba kichwani mpaka gulioni, namkamata mtu anauza maharage yake: "Hao wakubwa kila mtu anawajua. Kaa hapa usikilize hawa." Watu walinikimbia. "Huyoo, kaja na viroboto vyake!" Lakini waliokubali kukaa waliondoka wanaimba, na mimi nilijiona nimefanya kazi ya maana kuliko ya mtu yeyote pale gulioni.

Kanda ilikuwa moja tu. Tuliirekodi darasani, na kwenye wimbo wa beberu kuku anaingia anapiga kelele, nami nasikika nacheka mpaka nakohoa. Binamu yetu alikuwa anasafiri kwenda Dar, ana mtu anayemfahamu kwenye mambo ya redio. Akasema, "Nipeni hiyo kanda, wakiipiga hata mara moja mmetoka." Wiki hiyohiyo rafiki yangu, nimwite Mama Eliya, aliyekuwa ndiyo kwanza kaolewa kijiji cha Songambele, akaniomba aisikilize kidogo kabla haijaondoka. Nikampa kwa furaha. Si ndiyo kazi yangu, kuwapa watu Viroboto?

Akarudi analia. Mkononi ana mfuko umejaa utepe uliojisokota. "Redio imeila, mwenzangu. Nisamehe." Tukalia wote, mimi ndiye nikawa nambembeleza. Sasa huku kwetu utepe ulioharibika hautupwi, unafungwa shambani ufukuze ndege. Nikautandaza kwenye mtama wangu, upepo ukipita unavuma vuuu. Kaka akapita njiani, akasimama, akaniuliza kama ndio wao wale. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Haya. Angalau ndege wametusikiliza."

Hakushika gitaa tena. Alihamia Kiruruma kuchunga ng'ombe, na tangu hapo kwangu ni salamu tu. Akishalewa husema dada yake aliigawa bahati yake kama karanga. Nilimeza yote hayo kwa sababu niliona ana haki.

Basi Mungu si Athumani. Binti yangu akapendana na Eliya, mtoto wa yule rafiki yangu. Nilifurahi mpaka nikaruka! Juzi nikaenda Songambele kupanga mambo ya harusi, nikafika mapema kuliko tulivyoahidiana. Nasikia muziki nyuma ya nyumba. Beberu anaungama. Kuku akaingia. Halafu nikasikia msichana anacheka mpaka anakohoa, na msichana huyo ni mimi. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Mama Eliya alikuwa anamenya ndizi, redio pembeni. Kisu kilimponyoka.

"Mwenzangu, ule utepe nilioutundika ulikuwa wa nini?"

"Wa kwaya," akasema. "Kanda yetu ya kwaya iliyokuwa imeharibika."

"Kwa nini?"

Waitu, ndugu zangu, sikilizeni jibu. "Wewe ulikuwa unawagawa kwa kila mtu. Wangefika Dar, kila mlevi angewaimba. Ndoa yangu ilikuwa ya vipigo, wale ndio walionichekesha. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu peke yangu."

Nilimhurumia, siwezi kukataa. Halafu nikakumbuka sura ya kaka pale shambani, huruma ikakauka. Ningemwita kaka aje ampigie kila jioni kama angesema! Nikaichomoa kanda. Akanishika kanga, anapiga magoti kwenye maganda ya ndizi: "Dada, ukimwambia Festo harusi imekufa. Mwambie umeikuta chini ya sanduku lako. Wewe ni ndugu yake, atakusamehe."

Yaani baada ya kunibebesha kosa lake miaka yote hiyo, anataka nilibebe tena, safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe!

Shida ni hii. Binti yangu hana baba. Kaka Festo ndiye aliyekubali kukaa mahali pa baba kupokea mahari, na alikubali kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yangu. Namjua. Akijua ukweli hatakaa meza moja na watu wale, na bila yeye ukoo hautapokea ng'ombe hata mmoja. Binti yangu hajui lolote, anajaribu gauni huku anaimba. Na nikiificha kanda, kaka yangu ni mzee, kifua kinamsumbua, atakufa bila kuisikia sauti yake ya ujana.

Jumapili anakuja kwangu baada ya misa. Nitamwekea kanda, hilo nimeshaamua, hata mkinikataza. Lakini beberu akianza tu kuungama, kaka atanigeukia aniulize, "Ilikuwa wapi?" Jamani, nyie mnaosoma, nimjibu nini?