Dume wa Ukuta wa Bibi

"Nyuki gani hana asali? Nyuki gani hana hata mzinga? Huyo ni inzi aliyevaa koti!" Baba alikuwa kashika mwiko, karai la saruji liko miguuni. "Sogea, mdogo wangu. Hii ikianza kuganda nakupaka wewe."

Shangazi hakusogea. Alibandika mgongo kwenye ukuta wa chumba cha Bibi, mikono kaitandaza kama golikipa anayesubiri penalti.

"Kaka, nipe mpaka jioni."

"Jioni ni mvua! Wingu lile hulioni? Ukuta una matundu kama chujio, maji yanamfuata Mama mpaka kitandani. Ukimwangukia utasemaje? Nyuki alikuwa mgeni?"

Baba ni fundi bomba; shangazi yangu anafanya kazi chuoni, kwenye chumba cha wadudu waliokaushwa. Makabati yamefika darini, harufu ya nafthalini, dawa ya kufukuza mende, inakukaba koo, na kila mdudu kachomwa sindano, chini yake kibandiko kidogo kama ukucha. Nyumbani tunamwita Sindano. Ukimpa chai inapoa, maana macho yako kwa mbu aliyetua mlangoni.

Sasa huyu nyuki kamkuta hapahapa, kwa mama yake mzazi. Kila jike ana tundu lake: anachimba mwenyewe, anajaza chavua, anataga, anaziba kwa udongo, basi. Hakuna malkia, hakuna wa kumsaidia. Shangazi kamtafuta kwenye makabati yote na vitabu vyote, hayumo. Akakaa akamwandika vizuri, nywele za miguu, vishimo vya kwenye paji la uso, mishipa ya mabawa. Wakaguzi wa jarida la sayansi wakamrudishia: majike wa jamii hii wanafanana mno, tuletee dume. Na hawa nyuki hajawaona popote pengine duniani. Ukuta ukipigwa lipu leo, kazi yake imekufa na nyuki wenyewe wamezikwa wazima.

Wiki nzima alikuwa katandika chandarua mbele ya yale matundu, akisubiri dume atoke. Wakatoka majike tu.

"Labda hana dume," Baba akasema. "Kama wewe."

"Kaka!"

"Natania. Sogea."

Akamsukuma kwa bega, si kwa nguvu, akatupia mwiko wa kwanza kule chini. Paa! Shangazi akawa anakimbizana naye, anamulika tundu kwa tochi kabla mwiko haujafika. Mimi nimeshika chandarua, sijui nimsaidie nani. Wingu likafunika jua, ukaja ubaridi, majike wakaanza kurudi kwa haraka. Mmoja alikuta mlango wake umezibwa. Akazunguka, akagonga saruji mbichi, akazunguka tena. Baba alimwona. Akakohoa, akaendelea, ila taratibu.

Bibi akatoka. "Mnanijazia vumbi mlangoni na hakuna anayefagia!" Akachukua fagio lake la njiti, lililokuwa limesimamishwa kichwa chini pembeni ya pipa la maji, akaliinua alikung'ute ukutani.

"Mama, usikung'ute!"

Ukelele ule ulimgandisha Bibi, fagio liko hewani. Shangazi akaenda kwa kunyata. Kwenye ncha za njiti kulikuwa na vidude vyeusi, kila kimoja kimeuma njiti kwa meno, miguu inaning'inia. Wamelala! Jua limezimika, wakadhani usiku umeingia.

"Wanaume wanalala nje," Shangazi akanong'ona. "Tundu ni la jike, yeye hana kwake. Mjinga mimi, nawavizia mlangoni wakati wakishazaliwa na kutoka hawarudi tena."

"Mama, tulia hivyohivyo," akamwambia Bibi.

"Mkono unachoka, mwanangu."

Baba akadondosha mwiko, akaja kumshikia mama yake kiwiko. Shangazi akainua lenzi yake. Uso wa njano, majike hawana. Akahamia kwenye bawa. Nikawa nasikia saruji inanyonya maji.

"Mshipa una kona ileile. Ni wao."

Akatoa kichupa cha sumu, akamkwanyua mmoja kwa kibano, akafunika.

"Unamuua?" Baba akang'aka. "Umenitukana asubuhi nzima nisiwazibe, kumbe unataka kuua mwenyewe!"

"Huyu mmoja lazima abaki kabatini. Asiyekuwa na mfano wake pale, kwa wanasayansi hayupo. Kesho aje mwenye tingatinga abomoe mtaa mzima, nitamwambia namtetea nani?"

Baba akageuka kuangalia ukuta. "Mvua inapiga huku chini. Huku chini naziba, hilo halina mjadala. Kuanzia dirishani kwenda juu nitawaachia, paa linakinga. Ila bonge moja likianguka, nakuja na mwiko na hatuongei."

"Asante, kaka," Shangazi akasema.

Akainua kichupa. "Na huyu nyuki nitampa jina la Mama."

"Jina langu kwa mdudu?" Bibi akaruka. "Asiye na hata asali? Mpe la baba yenu, ndiye alikuwa halali nyumbani!"

Tulicheka mpaka Shangazi akaogopa kuangusha kichupa. Simu ya Baba ikalia. Mteja: bomba la bafu alilofunga jana limefumuka, maji yako sebuleni. Akamalizia mwiko mmoja chini ya dirisha, akanawa mikono kwenye pipa, akachukua spana, akatoka mbio.