Mama Mdogo Saida na Gitaa la Umeme

Moshi wa maganda ya korosho huchoma macho, na msimu ule ua wetu wa Kibiti ulinuka moshi huo kutwa. Hapo ndipo mama mdogo Saida alipoketi kwenye kigoda, gitaa la umeme mapajani, akilipiga bila umeme. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam kumuuguza bibi, aliyetoka hospitali ya Mchukwi akiwa dhaifu. Mjini aliimba katika bendi ya dansi, lakini walimtaka aitikie tu na kukata kiuno. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Bidhaa za nje zilimiminika madukani, na kaseti za roki pamoja nazo. Saida akazisikiliza, akaiacha bendi.

Sauti yake ilianza kwa mnong'ono, kisha ikapanda hadi ikakwaruza. Majirani walisema ana pepo. Mjomba Athumani, kaka mkubwa wa mama yangu na Saida, akaitisha kikao. Alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, hivyo gitaa lirudi mjini kabla ya Idi. Bibi, ambaye siku zile hakuwa akisema neno, aliinua kichwa.

"Athumani, mwache mdogo wako aimbe. Hata alipozaliwa alilia hivyohivyo, na sikumtupa."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mjomba akafunga kikao, na gitaa likabaki.

Idi pili, alasiri, Saida alisimama uwanja wa soko, jenereta la kuazima likinguruma nyuma yake. Aliimba habari za mwanamke aliye peke yake kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti bondeni, akilinda mpunga usiliwe na ndege. Vijana walicheka, wazee kadhaa wakaondoka. Nilimshika mama mkono, nikiogopa wangemzomea Saida. Ndipo kwenye kiitikio akapaza ule ukelele wa kuamia, wa kufukuza ndege mpungani. Wanawake waliolima bonde la Rufiji maisha yao yote waliutambua. Mmoja akaitikia, kisha wengine, kisha uwanja mzima. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliitikia kwa nguvu.

Bibi alipopata nafuu, Saida alirudi mjini. Wimbo ule ulipigwa katika redio mpya za watu binafsi; akaunda bendi yake, akaimba hadi ng'ambo. Hakutajirika, wala hakuacha.

Siku hizi binti yangu hurekodi nyimbo zake kwa simu, chumbani, bila kumwomba mtu ruhusa. Huniambia muziki wa bibi yake, Saida, una kelele mno. Simlaumu. Hajaishi katika nyumba ambamo wimbo wa mwanamke ulihitaji kikao.