Mpaka Uliogeuzwa Kokoto

Siku yangu ya kwanza kazini Mwanza, Mpima Mkuu alinipeleka dirishani akanionyesha mlima wa mawe uliojaa nyumba. "Kazi yako iko pale," akasema. Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka Dodoma, kwenye ardhi tambarare, na nilitumwa kwa miezi miwili tu. Nilikaa miaka mitatu, na sikumbuki hata wiki moja iliyopita bila kuniacha mdomo wazi.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Chini, Pasiansi, matajiri wapya walikuwa wakijenga maghorofa yanayotazama ziwa. Juu mlimani, akina mama walipanda na ndoo kichwani, na maji yote yale wanayaona. Ndege za minofu ya samaki zilipaa juu yetu huku watu waliopunguzwa viwandani wakigonga mawe wapate kokoto za kuuza. Nilizunguka mji mzima na theodolaiti begani, yaani darubini ya kupimia pembe, nisiamini ninachokiona.

Nilipanga chumba kwa Mama Kulwa, mjane wa Ilemela aliyeishi kwa kugonga kokoto. Nyumba yake ilikuwa na kuta tatu za matofali. Ukuta wa nne ulikuwa jiwe lenyewe, kubwa kuliko nyumba. Nilipompimia kiwanja ili apate hati, nilitoboa jiwe hilo kwenye ukingo wa nyuma nikapigilia chuma kifupi. Hiyo ndiyo alama ya mpaka. Chuoni tulifundishwa kuiweka kwenye mwamba kila inapowezekana, kwa kuwa mwamba hauhami.

Nikaenda likizo. Niliporudi, jiwe halikuwepo.

Vijana walikuwa wamechoma matairi juu yake mpaka likapasuka, wakalimalizia kwa nyundo. Palipokuwa na ukuta palining'inia turubai, na nyuma yake, hatua chache kutoka kitandani, jirani tajiri wa bondeni alikuwa amejenga uzio mpya. Bila alama, uzio ule ungekuwa ndio mpaka, na sehemu yote ya nyuma ya kiwanja ingekwenda.

"Nani amelivunja?" nikauliza.

"Nimeliuza mimi, baba," Mama Kulwa akajibu, huku akikoroga uji. "Kulwa alitakiwa kupasuliwa tumbo, na siku hizi hospitali wanataka hela kwanza. Jirani alilitaka hilo hilo. Nilimwonyesha mengine, akayakataa."

Sikuhitaji kuelezwa kwa nini aliyakataa. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani zaidi, jirani au huyo mama.

Kesho yake nilimwomba Mpima Mkuu aje. Tulisimamisha theodolaiti juu ya alama ya kona moja iliyobaki, kisha juu ya nyingine, na kwa pembe na umbali tuliokuwa tumeuandika zamani tukaitafuta nukta iliyopotea. Iliangukia ng'ambo ya uzio, katikati ya ua wa jirani. Jirani mwenyewe akatoka, akatuuliza kwa upole kabisa jiwe la mpaka liko wapi.

Mpima Mkuu hakuinua hata kichwa. "Liko kwenye msingi wako," akasema. "Mpaka uko hapa. Uzio utoke."

Tulipobaki wawili nilimfokea Mama Kulwa kwamba nusura apoteze kiwanja. Alinishangaa.

"Si wewe uliyenieleza kwamba jiwe ni la kuonyesha tu, mpaka wenyewe mmeuandika kwa namba? Basi mimi nikamuuzia jiwe."

Hati yake ilitoka, na Kulwa alipona.

Baada ya hapo nilihamishwa Tabora, kisha Iringa, na sasa nimestaafu. Wajanja kama yule jirani nilikutana nao kila kituo, wakaacha kunishtua. Ila mpaka leo mwili hunisisimka nikimkumbuka mama yule, amelala nyuma ya turubai mvua ikinyesha, akingoja likizo yangu iishe, hana hata wasiwasi. Aliviamini vipimo vyangu kuliko nilivyoviamini mimi.